Vijiwe vyeupe kooni vinavyonuka yai viza: nani kavishinda?

Bint Mtemani (mwenye mada)

Assalaam alaykum jamani. Naandika usiku huu kwa sababu watoto washalala, mume wangu kenda dago, kambi ya wavuvi, tokea wiki iliyopita, na hapana wa kunichungulia simu. Jambo lenyewe la aibu, mtanisamehe nikirefusha maneno.

Mie ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Wete, Pemba. Nasomesha kila siku baada ya alasiri, tangu hawa wa alifu mpaka wanaokaribia kuhitimu. Sasa anayejua kusomesha tajwidi anafahamu kwamba mwalimu hawezi kukaa kule na mwanafunzi kule. Herufi za koo ni sita, na mtoto haipati khaa kwa kuelezwa kwamba makhraji yake, yaani pahala inapotokea, ni ile sehemu ya koo iliyo karibu na mdomo. Atakutumbulia macho tu. Unamsogelea, unafungua kinywa, unamwambia tazama hapa, sema na mie. Pua yake iko hapa, mdomo wangu uko hapa.

Basi mwezi uliopita namshughulikia mtoto mmoja wa miaka saba, kila akisema khaa hutoka haa. Nikaikaza ya kwangu ili aisikie inavyokwaruza. Kitu kikaniruka kutoka kooni kikaangukia kwenye mkeka, mbele ya magoti yake. Cheupe kinachokaribia manjano, ukubwa wa chenga ya mchele. Mtoto akakitazama, kisha akanitazama mie.

"Mwalimu, jino hilo?"

Nikamwambia ni chenga ya wali, nikakizoa kwa ncha ya mtandio. Mungu anisamehe, siku ile hata wali sikula, tulipika muhogo.

Nyumbani nikakiponda baina ya vidole viwili. Hasha! Yai viza. Yai viza hasa, la kuku aliyekimbia kiota. Nilikwenda mferejini nikakosha mikono kwa sabuni mara tatu na bado naisikia. Na harufu ile haikuwa ngeni kwangu. Ndiyo ile ile ninayoisikia nikijifunika shuka gubigubi.

Miaka sita nahangaika na mdomo wangu. Napiga mswaki asubuhi na usiku, na mswaki wa mti kabla ya sala. Nilikwenda pahala nikaambiwa ni jino, likang'olewa gego zima lisilo na tundu, harufu ikabaki. Pahala pengine nikaambiwa tumbo, nikala vidonge vya vidonda vya tumbo miezi miwili. Kituo kimoja kila nikenda na koo langu hupewa amoksilini, nishahesabu mara nne. Hupoa wiki mbili, inarudi.

Mume wangu, Mungu amzidishie, hakuwahi kunambia neno. Ila ana kikopo chake cha karafuu pembeni ya mto, kila usiku hutia mbili mdomoni na mbili hunisogezea mie. Nami nikiona ni mapenzi! Miaka yote hiyo. Juzi nimekaa nakitazama kile kikopo, nikacheka, kisha nikalia kidogo.

Sasa nimejimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo. Pembeni ya koo, kwenye tonsesi, upande wa kulia mna madoa meupe matatu yamejificha kama mayai ya sisimizi. Kushoto moja. Nikajaribu kulichokoa la mbele kwa kibanio cha nywele, nikatapika, halafu nikatema damu. Nikaacha.

Maswali yangu:

Hivi ni nini hasa? Ni maradhi? Naweza kumwambukiza mtoto ninayemsomesha? Bibi jirani yangu ameshakata shauri kwamba ni chokaa ya tambuu imeganda kooni. Mie tambuu nilikula arusini kwa dada yangu tu, mara moja, na nilitema.

Vinatolewaje bila ya kujichoma?

Na kama dawa yake ni kukatwa tonsesi, je, sauti inabaki? Maana mie sauti ndiyo kazi yangu.

Ramadhani imebaki mwezi na nusu. Mchana wa kufunga mdomo wangu huwa hausemeki, na tarawehe tunasimama bega kwa bega. Mwaka jana nilikuwa najipeleka safu ya nyuma kabisa, ukutani.

---

Kipanga wa Konde

Waalaykum salaam mwalimu. Sina dawa, ila "Mwalimu, jino hilo?" imeniua. Nipo ndani ya gari ya 606 watu wananitazama. Mungu akuponye, na huyo mtoto mpe zawadi, amekuokoa asijijue.

---

Mchuma Makonyo

Dada, pole. Mie hivyo vijiwe ninavyo tokea ujana, hutoka vyenyewe nikikohoa asubuhi. Havijaniua.

Kuhusu karafuu nataka niseme kidogo maana watu wa bara watakuja hapa wakwambie karafuu ni dawa ya kila kitu. Karafuu nimechuma tokea nina miaka tisa. Msimu ukiwa mzuri nimelala juu ya majamvi ya karafuu, nimekula chai yenye karafuu, jasho langu lenyewe linanuka karafuu. Ingekuwa inaondoa hivyo vitu, Pemba nzima isingekuwa navyo. Inafunika harufu nusu saa, na jino likiuma inatia ganzi, basi. Usiitafune nyingi kooni ukajiunguza.

Mumeo lakini muungwana. Wangapi wangesema kwa sauti mbele ya wakwe.

---

Mzee wa Fundo

Mwanangu, hilo si jambo geni. Zamani mtu akiwa na koo lisiloisha, anakohoa, ananuka mdomo, alipelekwa kwa fundi akakatwa kimio. Kimio kikirefuka kinagusa ulimi, chakula kinaganda. Ndugu yangu alikatwa akapona. Wapo mafundi mpaka leo, uliza kwa wazee. Dakika moja imekwisha.

---

Dawa Asili Zenj

TUNAYO DAWA YA KUNUKA MDOMO, VIDONDA VYA TUMBO, NGUVU NA KUREJESHA MPENZI. NJOO PEMBENI.

---

Mchuma Makonyo

Huyo aliyepiga kelele kwa herufi kubwa, msimamizi mtoe. Mwalimu mpenzi anaye, tena na kikopo.

---

Bi Tabibu

Mzee wangu wa Fundo, shikamoo. Nakuheshimu sana, lakini hapa naomba nikupinge kabla ya mtu kushika wembe.

Kimio ni kile kinachoning'inia katikati. Tonsesi ziko pembeni, huku na huku. Hivyo vijiwe vimo ndani ya tonsesi. Ukikata kimio umekata kitu ambacho hakikuhusika, ni sawa na nyumba ya jirani ivuje wewe ukaezue yako. Na damu ya pale si ya kuchezea. Nimefanya kazi ya utabibu zaidi ya miaka 20, sehemu kubwa hapa hapa Pemba, nimepokea watoto waliotoka kwa fundi wamelegea kwa kupoteza damu, na jeraha la wembe mchafu linaweza kuleta pepopunda. Ndugu yako alipona, alhamdulillahi. Wasiopona hawapo wa kusimulia.

Sasa mwalimu, nije kwako.

Chukua kipande cha tumbawe, lile jiwe la kujengea, ukitazame. Tonsesi ndivyo ilivyo. Kwa mbali unaona kitu cha mviringo, kwa karibu ina vishimo, vingine vinaingia ndani sana. Kazi yake ni kupambana na vijidudu vinavyopita kooni, hasa mtu akiwa mdogo. Lakini vishimo vile havichagui cha kupokea. Mabaki ya chakula yanaingia, makamasi yanayoshuka kutoka puani yanaingia, ngozi laini ya mdomoni inayobabuka kila siku inaingia. Vinakaa mule, vinashikana, na madini yaliyomo kwenye mate, chokaa mojawapo, yanavikaza taratibu. Hicho ndicho kijiwe chako. Kwa hivyo bibi jirani kagusa kitu kidogo: chokaa imo, ila inatoka katika mate yako mwenyewe, tambuu haina kosa. Meno nayo hushika ugaga kwa namna hiyo hiyo.

Harufu inatoka kwa vijidudu vinavyopenda kuishi mahala pasipo na hewa. Chini ya shimo ndiyo nyumba yao. Wanakula mabaki yale na kutoa gesi zenye salfa, na salfa ndiyo harufu ya yai viza. Pua yako haikukosea.

Si maradhi ya kuambukiza, mtoto hapati kitu kwako. Si saratani. Ukikimeza hakikudhuru, na umeshameza vingi bila ya kujua. Wenye tonsesi zilizovimba mara kwa mara utotoni huwa na vishimo vikubwa zaidi. Ulikuwa ukipata mafindofindo ulipokuwa mdogo? Nahisi jibu ni ndiyo.

Amoksilini: inapunguza vijidudu kwa muda, shimo lipo pale pale, wanarudi. Kuinywa kila harufu inaporudi ni kuvifundisha vijidudu usugu, ili siku utakapoumwa kweli dawa isifanye kazi. Acha. Na gego lako nakupa pole, hilo halirudi.

La kufanya. Bilauri ya maji ya vuguvugu, chumvi nusu kijiko cha chai, koroga mpaka iyayuke. Inamisha kichwa nyuma, sukutua mpaka kooni huku unatoa sauti. Wewe umebahatika, wengine huwaambia watoe sauti wanaona haya, wewe toa hiyo ghaini yako, koo zima litikisike. Tema, rudia mpaka bilauri iishe. Fanya baada ya kula, hasa usiku kabla ya kulala. Maji ya chumvi hayavunji kijiwe, yanalegeza na kusomba mabaki kabla hayajakaza.

Vilivyokwisha kukaza na unaviona: kanunue bomba la sindano duka la dawa, la mililita 10 au 20, UITUPE SINDANO YAKE usiilete nyumbani kwenye watoto. Lijaze maji ya vuguvugu, simama mbele ya kioo chenye mwanga, elekeza kwenye shimo kutokea pembeni na usukume polepole. Usifanye kama unazima moto. Kikitoka kitaanguka kwenye beseni. Kisipotoka leo kiache, kesho ipo.

Kijiti cha pamba cha masikio kinafaa pia, kiloweshwe kwanza, ubonyeze pembeni ya kijiwe kama unavyokamua kipele, usikichimbe. Kibanio cha nywele, pini, kijiti cha meno, ukucha: hapana. Tonsesi ina mishipa mingi, ulishaona mwenyewe. Ukisikia kutapika, umeenda ndani mno. Na upige mswaki kwenye ulimi, nyuma kabisa unakofika, maana sehemu kubwa ya harufu za watu huwa iko ulimini na kwenye ufizi na wala si kooni.

Dawa za kusukutulia za chupa, kama utanunua tafuta isiyo na spiriti. Spiriti inakausha mdomo, na mdomo mkavu ndio unaoharakisha mambo haya. Maji kunywa.

Sasa usikilize hili kuliko yote. Nenda hospitali, usingoje, kama: tonsesi moja inakuwa kubwa kuliko mwenzake na haipungui, maumivu ya upande mmoja yasiyokwisha, damu inayotoka bila ya wewe kuchokoa, homa na kushindwa kufungua kinywa, uvimbe shingoni, au kumeza kunakuwa shida. Hayo hayafanani na vijiwe hata kama vijiwe vipo.

---

Bint Mtemani

Bi Tabibu, Mungu akulipe. Nimekusoma mara mbili na mara ya pili nilikuwa na kioo mkononi. Ndiyo, mafindofindo nilikuwa nikiyapata kila mwaka, mama akinifunga shingo kwa kanga yenye majivu ya moto. Umejuaje?

Mzee wa Fundo, nashukuru kwa kunifikiria, usiwe na dhiki. Lakini kimio changu nitabaki nacho.

Swali la kukatwa tonsesi bado halijajibiwa. Dada wa mume wangu yuko Unguja anasema kuna mtu kazini kwao kakatwa, sasa haongei vizuri.

---

Mtoto wa Kikwajuni

Mie nimekatwa, nikiwa na miaka 27, kwa hivyo niulize mie.

Kwanza sikukatwa kwa sababu ya vijiwe peke yake. Nilikuwa naumwa tonsesi na homa kali mara sita au saba kwa mwaka, sendi kazini, siwezi kumeza mate. Vijiwe vilikuwa nyongeza. Daktari wa masikio, pua na koo akaniambia wazi kwamba kwa vijiwe tu asingenikata mpaka nijaribu mengine yote, lakini kwa homa zile, haya.

Operesheni yenyewe hujui kitu, unalazwa usingizi, unaamka mambo yamekwisha. Kesho yake nikarudi nyumbani nikajiona shujaa. Siku ya tatu ushujaa ukaisha. Maumivu yanapanda mpaka masikioni, nilimwambia mama masikio yameoza. Mtoto mdogo wa jirani alikatwa mwezi ule ule, siku ya tano yuko barazani anakula mkate. Mtu mzima hapati bahati hiyo. Mie nilikaa siku 12 kabla ya kula kitu kigumu. Nilikuwa nakula uji uliopoa, aiskrimu, mchuzi wa boga uliochujwa. Kaka yangu akaja na urojo akakaa mbele yangu kuunywa, na ile ndimu yake! Sijamsamehe.

Kooni panakuwa na utando mweupe mchafu mahala palipokatwa, unanuka kuliko hata vijiwe. Huo ni wa kawaida, ni kidonda kinapona. La hatari ni damu. Niliambiwa kati ya siku ya tano na ya kumi utando unabanduka na damu inaweza kutoka, nikitema damu nyekundu nisikae nyumbani nikisubiri asubuhi. Siku ya saba ikatoka kama kijiko hivi. Tukenda usiku ule ule, nikalazwa kutazamwa, ikakata yenyewe. Aspirini nilikatazwa tokea mwanzo, nikatumia parasetamoli.

Sasa sauti. Mie nasoma maulidi ya homu, kwa hivyo hofu yako naijua. Mwezi wa kwanza nilijisikia kama naimbia ndani ya mtungi, sauti ina mwangwi sio yangu. Ikarudi. Leo hakuna anayejua. Huyo wa kazini kwao wifi yako sijui habari zake, lakini tonsesi si nyuzi za sauti, nyuzi ziko chini huko.

Vijiwe sina tena, hata kimoja. Lakini ungeniuliza mie, kama huumwi homa, bomba la sindano la Bi Tabibu ni bei ya vitumbua viwili vitatu. Anza hapo.

---

Bi Tabibu

Mtoto wa Kikwajuni kasema kweli tupu, sina cha kupunguza. Wengine huchomwa vile vishimo kwa miale ya leza vikazibika bila ya kuondoa tonsesi, lakini mwalimu usianze kufikiria safari kabla hujamaliza kopo la chumvi.

---

Abuu Nne

Samahani naingilia. Kuhusu Ramadhani, hayo maji ya kusukutua koo mchana itakuwaje? Na kile kijiwe kikitoka mtu akakimeza?

---

Bint Mtemani

Abuu Nne, hilo la kusukutua nakujibu mie, kazi yangu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mwenye swaumu hukirihishwa kuzidisha katika kusukutua, na kupeleka maji kooni ndiko kuzidisha kwenyewe. Kwa hivyo ni baada ya kufuturu na baada ya daku, mchana hapana. Hata mswaki, sisi tunaukirihisha baada ya jua kupinduka, ndiyo maana alasiri zangu za Ramadhani zilikuwa kama nilivyowaambia. Hilo la kumeza sitalisemea kwenye simu, muulize shekhe wako uso kwa uso.

---

Bint Mtemani (wiki saba baadaye)

Nimerudi, maana najua mtu akipata nafuu hutokomea na wenzake wenye tatizo wakabaki wanasoma maswali tu.

Wiki ya kwanza ilikuwa maji ya chumvi peke yake, asubuhi na usiku. Hakikutoka kitu, nikavunjika moyo. Usiku wa tisa, natoa ile sauti, likanitoka moja likagonga beseni, nikalisikia likilia kwenye bati. Nikafurahi kama nimeokota dhahabu, saa tano za usiku, peke yangu uani.

Bomba nilinunua la mililita 20. Siku ya mwanzo nilisukuma kwa nguvu, maji yakanipitia puani, machozi, kikohozi, mtoto wangu mkubwa akaamka akadhani nimepaliwa. La 10 ni zuri zaidi kwa mkono wangu. Halafu mpira wake ukikauka hukwama kisha huachia kwa ghafla, ndiko kunakotapisha. Mie naulowesha kwanza. Na maji yasiwe baridi, koo linajikunja lenyewe. Upande wa kulia yalitoka matatu niliyokuwa nayaona na mengine mawili nisiyoyajua, moja lilikuwa kubwa kama punje ya mtama, sijui lilikaa miaka mingapi. Kushoto lile moja limegoma. Nimeliacha, kesho ipo kama alivyosema Bi Tabibu.

Kosa langu jengine nimeligundua mwenyewe. Nilikuwa nasomesha kutoka alasiri mpaka magharibi, sauti juu, bila ya tone la maji, kisha nikirudi nyumbani chai ya maziwa na mkate wa mofa, nalala nimechoka bila ya kusukutua. Mofa inavyopukutika! Siku hizi siku zisizokuwa za funga naweka chupa ya maji pembeni ya bakora, na wanafunzi wanajua mwalimu akinywa maji wasome peke yao kwa sauti.

Ulimi ndio ulionishangaza. Sijawahi kuukwangua nyuma kule. Sitasimulia.

Harufu haijaisha yote, nisiwadanganye. Vijiwe vipya vinaanza, juma lililopita nimetoa kimoja kidogo laini kama jibini, nadhani nikikiwahi hivyo hakifiki kuwa kigumu. Itakuwa kazi ya maisha, kama kufagia uwanja wenye mwembe.

Mume wangu karudi kutoka dago. Nilimkalisha nikampa tochi nikafungua kinywa, nikamwambia tazama, ndiyo hii iliyokuwa inakusumbua miaka sita, kwa nini hukusema? Akatazama muda mrefu mno. Akasema, "Nilidhani ndivyo mlivyo kwenu." Nimemnunia siku mbili.

Leo ni siku ya tisa ya Ramadhani. Bado sijawa mtu wa safu ya mbele, lakini ukutani nimehama, nipo safu ya tatu baina ya bibi wa tambuu na binti yake. Baada ya daku nasukutua uani kwa ghaini, na jirani mmoja keshamuuliza mume wangu kama nimeanza kusomesha usiku.

Yule mtoto wa jino nilimsogelea jana tena, karibu kama zamani. Khaa kaipata. Ghaini bado inatoka gaa, tumeiweka mpaka baada ya Idi.